Mistari inayotembea kwenye video chini ya taa za LED: kosa ni la taa, la simu au la umeme?

mdadisi_wa_taa

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba wenye kuzijua taa na kamera watufumbulie hiki kitendawili.

Kwa macho chumba kina mwanga uliotulia tuli. Washa video ya simu, ukutani inajitokeza mistari mipana ya giza na mwanga, inapanda au kushuka taratibu kama pazia linalovutwa. Balbu za zamani za waya hazina shida hiyo. LED wanayo, ila si zote: mbili zenye wati sawa na umbo lile lile, moja inaleta mistari, nyingine haileti. Ukihamia video ya mwendo wa polepole ndiyo balaa, chumba kizima kinakuwa disko. Nje juani hakuna kitu.

Mwenye kosa ni nani hapa? Na je, inaondoka bila kubadili balbu?

waya_na_pini

Nianze na taa, kamera nawaachia wengine.

Umeme wa AC wa Hz 50 huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko unapita sifuri mara mbili. Kwa hiyo taa inalishwa kwa mapigo 100 kwa sekunde, pigo moja kila milisekunde 10. Kwenye umeme wa Hz 60, kama wa Marekani, mapigo ni 120. (Japani wana vyote viwili: mashariki Hz 50, magharibi Hz 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Ujerumani na Osaka ikanunua ya Marekani. Mpaka leo ni hivyo hivyo.)

Balbu ya waya haileti mistari kwa sababu waya wa tungsten ukishapata moto hauwahi kupoa ndani ya milisekunde 10. Mwanga unashuka kidogo tu, kisha pigo jingine linaudaka. LED haina joto la akiba. Mkondo ukishuka, mwanga unashuka nao hapo hapo.

Sasa utulivu wote unabaki kwenye draiva, kile kisaketi kilichomo kwenye kitako cha balbu. Draiva ya maana ina diodi nne za kugeuza AC kuwa DC (umeme unaoenda upande mmoja tu), kapasita ya elektroliti, yaani kihifadhi chaji, inayojaa kwenye kilele cha pigo na kumimina pigo linaposhuka, na saketi ya kudhibiti mkondo. Mtengenezaji anayebana gharama anaanza na kapasita: anaweka ndogo au haweki kabisa. Ndiyo maana wati sawa, umbo sawa, tabia mbali mbali. Kwenye boksi hutaliona hilo.

Balbu ikianza kupepesa baada ya muda, mshukiwa wa kwanza ni hiyo hiyo kapasita. Ute uliomo ndani yake hukaushwa na joto, na balbu iliyofungiwa kwenye kifuniko kisichopitisha hewa hupikwa mapema. Mshukiwa wa pili ni swichi ya dima (ya kupunguza mwanga) inayotumika na balbu isiyoruhusu dima.

Kupima bila kifaa: zima taa nyingine zote, shika kalamu nyeupe mbele ya kitu cheusi, ipunge haraka kushoto na kulia. Mwanga uliotulia unatoa ukungu mmoja laini. Mwanga unaopepesa unatoa kalamu nyingi zilizotengana, kama mbavu za feni.

shata_moja_kwa_mia

Hapo juu umemaliza. Kwenye kamera, jambo la kujua ni kwamba sensa ya simu (kipande kinachonasa mwanga) haipigi picha yote kwa mkupuo. Inasoma safu moja baada ya nyingine, kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Safu ya kwanza ikikutana na kilele cha pigo inatoka na mwanga, safu ya katikati ikikutana na bonde inatoka na giza. Ndiyo hiyo mistari. Geuza simu kutoka wima kwenda ulalo, mistari itageuka nayo. Kwa hiyo haiko ukutani.

Dawa ni namba moja: muda wa shata, yaani muda ambao kila safu inakusanya mwanga. Kila safu ikikusanya mwanga kwa muda unaobeba mapigo kamili, zote zinapata kiasi sawa, hata taa iwe mbovu kiasi gani. Kwa Hz 50 muda huo ni 1/100 au 1/50 ya sekunde. Kwa Hz 60 ni 1/120, 1/60 au 1/30.

Utaratibu:

1. Fungua modi ya Pro ya video, au programu inayokuruhusu kushika shata kwa mkono.
2. Weka shata 1/100 au 1/50. Usiiache kwenye otomatiki.
3. Rekebisha mwanga wa picha kwa ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) pekee.
4. Chagua fremu (picha moja moja za video) 25 au 50 kwa sekunde ikiwezekana. Kwenye iPhone zimefichwa: ingia mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe fomati za PAL (mfumo wa video wenye fremu 25 au 50).

Hatua ya nne haiondoi mistari, inaituliza. Mapigo 100 yanagawanyika kwa 25 bila baki, kwa hiyo kila fremu inaanza mahali pale pale pa pigo. Kwa fremu 30 unapata 3.33, na mwanga unarukaruka. Hata kwenye 25 mistari hutambaa polepole, maana umeme wa gridi hausimami kwenye 50 kamili sekunde zote.

Kinachowaangusha wengi ni chumba chenye mwanga mkali. Otomatiki inakimbilia 1/400, ambayo ni robo ya pigo, na mistari inarudi mieusi kweli kweli. Lenzi nyingi za simu hazina tundu la kubana ili kupunguza mwanga, kwa hiyo ISO ikifika chini kabisa na picha bado imeungua, ivalishe lenzi filta ya ND4 (kioo cheusi). Inapunguza mwanga mara nne, na 1/400 inashuka mpaka 1/100.

Nje juani hapana shida kwa sababu jua halina mapigo.

mpiga_mubashara

Nyongeza fupi: 1/60 inafanya kazi popote, ndiyo ya kawaida kwenye simu.

shata_moja_kwa_mia

Hapana mkuu, hapo usiwapoteze watu. 1/60 ni milisekunde 16.7, na pigo la Hz 50 ni milisekunde 10. Unabeba pigo moja na theluthi mbili za la pili. Mistari inafifia, ndiyo maana wengi wanadhani imekwisha, halafu wanaikuta kwenye skrini kubwa wakati wa kuhariri.

mdadisi_wa_taa

Shukrani, kwa video ya kawaida imeeleweka. Video ya mwendo wa polepole je? Na skrini ya kompyuta, mbona nayo ina mistari hata ikitumia betri, isiyo na AC?

safu_kwa_safu

Ya mwendo wa polepole ni hesabu tu, na haina huruma. Ukirekodi fremu 120 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 8.3 tu za kuishi. Pigo ni milisekunde 10. Haliingii. Hakuna mpangilio wowote wa simu utakaoliingiza, na kwa fremu 240 ni mbaya zaidi. Kwenye Hz 60 fremu 120 zinapenya kwa kubana, shata ikiwa 1/120. Kwenye Hz 50 mwisho ni fremu 100, shata 1/100. Zaidi ya hapo badili chanzo cha mwanga: dirisha, taa ya video isiyopepesa, au balbu za waya zenye wati kubwa.

Skrini ni kesi nyingine. Nyingi hupunguza ung'avu kwa kuwasha na kuzima mwanga haraka badala ya kupunguza mkondo, na hilo halihusiani na AC. Ndiyo maana ukipandisha ung'avu mpaka asilimia 100 mistari huwa myembamba au hutoweka. Ukirekodi skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde, hapo ndipo 1/60 ina haki yake, hata kama umeme wa nyumbani ni Hz 50. Mabango ya LED ya maandishi huwasha safu zake kwa zamu, shata fupi inayakata herufi. Shuka mpaka 1/30.

Kitu kizuri cha kujaribu: mistari hiyo ni kipimo. Elekeza simu kwenye ukuta mweupe chini ya LED inayopepesa, shata 1/2000, hesabu jozi za giza na mwanga kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme ni 2. Unajua hizo ni mapigo 100 kwa sekunde. Usibadili chochote, elekeza simu kwenye skrini nyeupe mpaka ijae fremu nzima, hesabu tena. Ukipata jozi 10, skrini inapepesa mara 500 kwa sekunde. Ukibadili azimio (ukubwa wa picha kwa pikseli) au idadi ya fremu katikati ya zoezi, kasi ya sensa kusoma hubadilika na hesabu inaharibika.

waya_na_pini

Kabla uzi haujafungwa: mapigo haya si ya video tu. Kuna mwongozo wa IEEE (chama cha wahandisi wa umeme) namba 1789 wa 2015 unaoshauri kwamba kwa mapigo 100 kwa sekunde, mwanga usiyumbe zaidi ya takriban asilimia 8 ili hatari iwe ndogo. Balbu isiyo na kapasita inayumba karibu asilimia 100.

Karakana ndiyo ya kuangalia zaidi. Mashine inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hufanya nusu mzunguko kila pigo. Chaki ya taya nne (kishikio kinachozunguka na kazi) kwenye mashine ya kukereza, ikimulikwa na taa kama hiyo, huonekana imesimama kabisa. Palipo na umeme wa fezi tatu, mafundi hugawa taa za juu ya mashine kwenye fezi zote tatu ili moja ikiwa bondeni nyingine iwe kileleni. Pasipo na fezi tatu, funga taa ya DC kwenye mashine yenyewe.