MJADALA: Kufunga kila poti ya swichi kwa MAC kwenye ofisi za umma, tunamlinda nani?

Mtoa mada
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa mtandao, peke yangu, kwenye hospitali moja ya umma. Umekuja mwongozo kutoka juu: kila poti (tundu la waya) ya swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, ifungwe kwa anwani ya MAC ya kompyuta moja, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, na poti zisizotumika zizimwe.

Kugawa VLAN, yaani kukata mtandao mmoja vipande vinavyojitegemea, sina ugomvi nako. Mapokezi nimewapa VLAN namba 10, maabara 20, uhasibu 30, simu za mezani 40, Wi-Fi ya wageni 90. VLAN 1 nimeiacha tupu, maana swichi ikitoka dukani poti zote zimo humo. Kutoka VLAN moja kwenda nyingine lazima upite kwenye rauta, na pale nimeweka vizuizi, kwa hiyo mgonjwa aliyekaa benchi na simu yake haioni seva ya maabara.

Kufuli la MAC ndilo linanishinda. Kwenye swichi za Cisco ukiliwasha bila kugusa kitu kingine, poti inaruhusu MAC moja tu, na ikija ya pili poti inajizima. Juzi saa mbili asubuhi kompyuta ya mapokezi iligoma, karani akaazima ya uhasibu akachomeka. Poti ikafa. Mimi niko njiani, mwendo wa saa moja na nusu. Foleni ilifika getini. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza
Pole mkuu, ila lawama unaipeleka siko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti. Mtu akichomeka laptop yake kwenye soketi ya korido, swichi haimuulizi jina. Anaangukia VLAN ya poti ile. Kuta umejenga, milango umeiacha wazi.

Mtoa mada
Za korido nimezima, huko tuko pamoja. Nasemea poti zenye kazi. Na hiyo MAC mara nyingi imebandikwa nyuma ya printa! Mwenye nia mbaya anaisoma, anaiiga kwenye laptop yake, anapita. Anayekwama ni karani.

Mchangiaji wa pili
Mnabishana kama vile adhabu ni moja. Weka `violation restrict`: fremu (vifurushi vya data) za mgeni zinatupwa, tukio linaandikwa, poti inabaki hai. Na penye simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake, ongeza idadi ya MAC, la sivyo utazima poti kwa mkono wako mwenyewe.

Mtoa mada
Poti hai, lakini kompyuta ya karani bado haipati kitu. Foleni ni ileile, mkuu.

Mchangiaji wa kwanza
Basi nenda 802.1X. Kompyuta yenyewe inajithibitisha kwanza, na VLAN inapewa kulingana na ilivyo, popote itakapochomekwa.

Mtoa mada
Inahitaji seva ya RADIUS, ile ya kuhakiki vitambulisho. Umeme ukikatika usiku, nani anaiamsha? Mimi huyuhuyu.

Mchangiaji wa tatu
Samahani kuingilia, wazee. Mtoa mada, kabla ya MAC, poti za watumiaji umezipigilia `switchport mode access`, zibaki za VLAN moja tu? Swichi za Cisco Catalyst za zamani huja poti zikiwa tayari kujadiliana na kifaa cha upande wa pili ziwe za aina gani. Mtu akijifanya swichi anapewa tranki, na VLAN zako zote zinamfikia kwenye waya mmoja. Hapo hata rauta yako hana haja nayo.

Mtoa mada
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Swichi ya wodi, poti sita bado ziko `dynamic auto`, yaani bado zinakubali kujadiliana. Niliziwekea namba ya VLAN nikadhani nimemaliza. Aibu yangu. Nazibana usiku huu, wagonjwa wakilala.

Kwenye MAC bado sijahama.