Tairi za saketi ambazo bado ni halali barabarani

konakali: Wakuu naombeni ushauri, gari yangu ya spoti naipeleka saketi (uwanja wa mbio za magari) kila mwezi ila naendesha hiyohiyo mpaka huko na kurudi nayo. Niko kati ya tairi za Michelin Pilot Sport Cup 2 na Yokohama Advan A052. Ipi inafaa?

gia_ya_tatu: A052 inashika balaa na inapata joto haraka, lapu (mzunguko) ya kwanza tu unaisikia. Shida yake ukizidisha lapu mfululizo inachemka, gari inaanza kuteleza mbele kwenye kona. Cup 2 inavumilia zaidi ila mvua ikinyesha punguza mwendo sana mkuu, kashata zake (meno ya tairi) ni fupi, maji yakituama inaelea.

fundi_upepo: Na upepo jamani! Tairi ikipata moto presha inapanda, mimi nilikuwa najaza kama ya barabarani, nikaja kuona katikati pamelika pembeni bado pazima. Sasa hivi kila nikitoka lapu napima ikiwa bado ya moto, napunguza kidogokidogo.

konakali: Asanteni sana, hapo kwenye kuchemka ndo pamenigusa, acha nianze na Cup 2.

gia_ya_tatu: Sawa, ila ukirudi nyumbani kumbuka kurudishia upepo.