Ushauri wakuu: kuwanoa walimu wafundishe mgogoro wa Waarabu na Wayahudi kwa nyaraka

MwalimuUghaibuni: Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha historia sekondari huku Minnesota. Nimepewa niendeshe semina ya walimu wenzangu: kufundisha mgogoro huu kwa barua na maazimio yenyewe, si kitabu cha kiada. Ukumbini watakuwepo Waislamu, Wayahudi na Wakristo. Nianze na waraka gani pasilipuke? Usingizi umekata.

MjukuuWaEldoret: Anza na kwetu. Mwaka 1903 Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitaka Wayahudi wapewe makao Uasin Gishu. Herzl, kiongozi wa Wazayuni (waliotaka Wayahudi wapate nchi yao), akapeleka wazo mkutanoni kwao Basel, Uswisi, likakataliwa 1905. Babu yangu amechunga ng'ombe ardhi hiyo na hakuna mwalimu aliyewahi kumweleza. Iliniuma sana.

MamaSwaumu: Ombeni amani kwanza. Karatasi hazijamrudisha mkimbizi kwake.

MtunzaMajalada: Kabrasha la semina kaandaa nani?

MwalimuUghaibuni: Mfadhili. Tamko la Balfour la 1917, barua ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza kuhusu Palestina, limo, ila wamelikata: makao ya taifa la Wayahudi yamebaki, kipande cha haki za kiraia na za kidini za wasio Wayahudi kimetolewa. Barua za McMahon, mwakilishi wa Uingereza Misri, na Sharif Hussein wa Makka, kuhusu uhuru wa Waarabu, hazimo. Nimeshakubali, liko kwa mchapaji. Lakini wakuu, tuna asubuhi moja tu, na bila mfadhili hakuna semina.

MtunzaMajalada: Tamko lenyewe ni maneno 67 kwa Kiingereza! Muda gani umeokolewa hapo?

MzeeMagomeni: 1973 Tanzania ilipovunja uhusiano na Israel nilikuwa darasani. Mwalimu alitusomea gazeti, tukapiga makofi, basi. Hadi leo sijui tulishangilia nini.

KakaMkuu: Hii chai. Mwalimu wa historia gani apokee barua iliyokatwa? Huyu anatafuta tugombane.

MwalimuUghaibuni: Ningetaka ugomvi ningeuliza nani mwenye haki. Nimeuliza pa kuanzia.

MtunzaMajalada: Hata kama ni chai, yupo mwalimu mwingine anayesoma hapa. Wape tamko zima, kisha lililokatwa, walinganishe. Halafu makubaliano ya Faisal, mwana wa Sharif Hussein, na Weizmann, kiongozi wa Wazayuni, Januari 1919, pamoja na sharti aliloliongeza Faisal kwa mkono wake: Waarabu wapate uhuru wao, la sivyo hafungwi na neno lolote. Waulize nani kaandika, kwa nani, akitaka nini, na nani hakushirikishwa.

MwalimuUghaibuni: Mfadhili atakaa mstari wa mbele, mkuu. Kesho asubuhi nampigia mchapaji nijue kama ameshaanza.