Sauti moja na gitaa moja: kati ya hawa watatu, tumfuate nani?

Kamba_Sita (Lubumbashi)
Bakubwa, habari. Mkahawa mmoja mdogo hapa Kamalondo umetuomba, mimi na mwimbaji wangu, tupige jazi ya zamani Ijumaa jioni. Hakuna ngoma wala besi. Nimeweka kando albamu tatu za kujifunzia: Ella Fitzgerald akiimba na Joe Pass kwenye gitaa, *Take Love Easy* (ilirekodiwa 1973); Julie London, *Julie Is Her Name* (1955), gitaa la Barney Kessel; na Tuck & Patti, *Tears of Joy* (1988). Yeye anamtaka Julie, mimi namtaka Joe Pass. Ninyi mngeanza na nani?

Mzee wa Akompa
Julie mtoe kwanza kwenye hesabu ya watu wawili. Mle ndani kuna besi, ya Ray Leatherwood. Kessel anaweza kuacha akordi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ielee kwa sababu kuna mwenzake anayeshika mwendo huku chini. Wewe ukimwiga peke yako, kila ukihamisha mkono panabaki shimo, na mwimbaji ataanza kukukimbia.

Lakini dada mwenyewe amsikilize sana. Julie haongezi nguvu, anasogea. Mdomo uko karibu na maikrofoni, neno linatoka kama anaongea na mtu wa meza ya kwanza.

Sasa Joe Pass. Sikiliza anavyoachia nafasi. Ella akiwa katikati ya mstari, yeye mara nyingi anagusa sauti mbili tatu tu. Ella akivuta pumzi, ndipo gitaa linajibu. Vijana wengi wanachukua ule ufundi wa vidole na kuacha huo unyamavu, halafu wanashangaa mwimbaji amenuna.

Sauti ya Ziwa (Bukavu)
Niseme kama mwimbaji, maana naona mnaongea gitaa tu. Umemuuliza toni yake, yaani kimo cha sauti kinachomfaa? Vitabu vya jazi vimeandika nyimbo nyingi kwa toni inayowafaa watu wa saksofoni na tarumbeta. Mwanamke mwenye sauti ya chini akiimba vile vile ilivyoandikwa, atapiga kelele pale juu hata kama ni hodari. Na msimwige Ella wa ujanani. Kwenye hiyo ya 1973 alikuwa na miaka 56, haruki sana, anakaa kwenye maneno. Kwa meza kumi hiyo inatosha kabisa.

Mtoto wa Likasi
Yaya, mbona munatafuta mbali? Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey 1952 hapa kwetu, wakati ule mji unaitwa Jadotville. Mtu mmoja, gitaa moja: kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinaimba juu. Nusu ya kazi ya huyo Joe Pass wazee wa Katanga walikuwa nayo mkononi.

Mzee wa Akompa
Gumba nakupa, mdogo wangu. Ila mtindo ule unategemea sana kamba zinazoachwa wazi, hasa kwenye toni ya do. Mwimbaji akikuambia toni yake ni "mi bemol", nyingi zinakukataa. Na kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, haikuokoi wimbo unapohama toni katikati.

Kamba_Sita, jifunze akordi za sauti tatu. Akordi ya sol saba kwa mfano: noti ya sol kwenye kamba ya sita, ya fa kwenye kamba ya nne, na noti ya si kwenye kamba ya tatu. Basi. Re iache, haibadilishi tabia ya akordi. Kamba nyingine zizime kwa vidole. Gumba linabaki huru kutembea, na umbo unalisukuma popote.

Dada Katuba
Tuck & Patti mmewasahau? Hao ni mke na mume, wawili kweli, na Tuck kwa gitaa moja anapiga besi, akordi na mdundo kwa wakati mmoja. Kuwaiga ni shida, lakini tazama walivyochagua nyimbo: humo kuna *Time After Time* ya Cyndi Lauper, wala si jazi ya zamani. Watu wa Kamalondo wakishakula samaki wao watataka kitu wanachokijua. Ikifika wimbo wa tano, lazima papa mmoja aombe sebene.

Halafu jambo ambalo hamjagusa: jenereta iko wapi? Ikiwa nyuma ya ukuta, mambo ya kunong'ona kama Julie sahauni.

Kamba_Sita
Iko nyuma ya jiko, na umeme wa jioni mnaujua wenyewe. Kwa hiyo naacha gitaa la umeme nyumbani, nabeba lile kavu, ampli ndogo itabaki ya maikrofoni tu. Tunaanza na Ella na Joe Pass, nyimbo nne, mwendo wa polepole. Nimemuuliza toni, Sauti ya Ziwa: anasema la bemol. Mzee, hapo nimekwama.

Mzee wa Akompa
Hujakwama. Umbo la sol saba lile lile, sukuma freti moja (kijichumba kimoja cha shingo ya gitaa) mbele, ndiyo la bemol saba. Ukitaka ile ya kutulia, ya kumalizia wimbo, pandisha kidole cha kamba ya nne na cha tatu… hapana, cha tatu kiache, ni cha kamba ya nne peke yake, freti moja. Piga kesho asubuhi kabla hajafika, akukute unaijua.