Soli za umeme usiku wa kilele Kilimanjaro: zinafaa?

Mgumu_Machame:
Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mwongoza wageni msaidizi, njia ya Machame. Kinachonitesa ni miguu. Tunatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, saa sita usiku. Mgeni akichoka ni hatua moja, kusimama, hatua moja, na mwendo huo hauchemshi damu. Ikifika saa kumi alfajiri, Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, bado iko juu, vidole vimeshakufa ganzi, na mgeni ananitegemea mimi. Kuna mgeni aliniachia soli za ndani zinazopashwa moto kwa umeme, betri iko kisiginoni, joto la ngazi tatu. Kila betri imeandikwa 2,000 mAh (kiasi cha chaji inachobeba), volti 3.7. Zitanifikisha kileleni Uhuru? Wenzangu wanasema nitaungua.

FundiBetri:
Mkuu, piga hesabu. 2,000 mAh kwa volti 3.7 ni kama watt-saa 7.4. Soli ikila wati 3, una saa mbili na nusu hivi, na baridi inapunguza nguvu ya betri. Kutoka Barafu hadi Uhuru ni saa sita au zaidi, kwa hiyo ukiwasha tangu mwanzo zitazima kabla hujafika. Chaji kwa pawabenki ndani ya begi la kulalia, maana betri ya lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, inaharibika.

Dada_Nesi:
Usisubiri ganzi ndipo uwashe! Mguu wenye ganzi hausikii moto, na joto la nyuzi 44 tu likikaa saa nyingi sehemu moja linaunguza ngozi. Anza na ngazi ya chini wakati vidole bado vinacheza. Mwenye kisukari asizivae kabisa bila kumuona daktari, wengi wao hisia za miguuni zimepungua. Na kidole kikibadilika rangi kuwa cheupe na kigumu, hiyo si kazi ya soli tena. Teremka, na usikisugue.

Mtoto_wa_Edmonton:
Niko Kanada, nafanya kazi nje majira ya baridi, nyuzi 25 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Soli hizi zinasaidia kweli, ila ukiwasha mapema unatoka jasho, soksi inalowa, halafu baridi inakuja mara mbili. Soksi ya sufu moja nzito, kavu, uliyoivaa dakika ile unapotoka hemani. Za pamba achana nazo.

Mzee_wa_Kibo:
Kijana, buti lako lina nafasi? Wengi wanavaa soksi tatu, mguu unabanwa, damu haipiti, halafu wanailaumu baridi. Na usidanganyike na vile vipakiti vya unga wa chuma vya kupasha miguu joto: vinapata joto kwa oksijeni, na pale Uhuru, mita 5,895, hewa ni kama nusu ya huku chini. Ndani ya buti lililobana ndiyo vinapoa kabisa. Kwa hilo soli ya betri inavishinda.

Mgumu_Machame:
Asanteni sana, wakuu. Mzee, umenigusa: buti ni la mtumba, linanitosha kwa shida.

Mzee_wa_Kibo:
Basi toa kwanza soli ya zamani, usipandanishe mbili. Zijaribu usiku wa kambi ya Karanga, zunguka kambini nusu saa. Vidole visipocheza humo ndani, ziache, tafuta buti kubwa zaidi ya hilo kabla ya safari nyingine.