Modeli ya pampu ya mgodini inakwama

Swali:
Wapendwa, katika zana ya kwenye kivinjari nimeingiza malengo mawili (masharti ambayo mfumo lazima uyatimize) ya ule mfano maarufu wa pampu ya kutoa maji mgodini: maji yakifika juu, pampu iwake; methani (gesi inayoweza kulipuka) ikiwapo, pampu izimwe. Modeli ya mwenendo iliyozalishwa, yaani mchoro wa hali na hatua za mfumo, inakwama katika hali moja: haina hatua ya kuendelea. Je, kasoro ni ya zana?

Jibu la 1:
Zana haina kosa, ndugu. Maji yakiwa juu na methani ikiwapo, lengo moja linadai pampu iwake na jingine linaikataza, hivyo hakuna hatua inayoruhusiwa. Lipunguze la kwanza: maji yakiwa juu na methani haipo, pampu iwe imewaka kufikia mpigo wa saa unaofuata (mpigo ni alama ya kwisha kwa kipindi kimoja cha muda).

Jibu la 2:
Naongezea jambo lililonipotezea siku mbili: katika KAOS, mbinu ya kueleza mahitaji ya mfumo kwa malengo, ya Axel van Lamsweerde na wenzake, malengo husomwa kwa vipindi vya muda, ilhali modeli za LTSA, zana ya Imperial College London ya kuchunguza modeli za mwenendo, huenda tukio baada ya tukio. Usipoweka mpigo wa saa kama tukio, neno “unaofuata” litakosa maana.

Muuliza:
Nashukuru. Niliusahau mpigo pia. Sasa modeli haikwami.