Naomba ushauri: kutoa majedwali ya MySQL kwenda Excel kwa Python bila namba kuharibika

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa Python na hifadhidata.

Kuna chama cha akiba na mikopo ninachokisaidia upande wa kompyuta. Kila mwisho wa mwezi natakiwa kutoa majedwali mawili kutoka MySQL, la wanachama na la miamala, ili mhasibu ayafungue kwenye Excel.

Nilianza na pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia data): read_sql kusoma, kisha to_csv kuandika faili la CSV, yaani maandishi yaliyotenganishwa kwa koma. Faili likifunguliwa, namba za simu zinapoteza sifuri ya mwanzo. Za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ndizo zinanitia hofu zaidi: zina tarakimu 20, tumezihifadhi bila vistari, na Excel inashika 15 tu, zinazofuata inazigeuza sifuri. Mhasibu akibonyeza kuhifadhi, utambulisho wa mwanachama umepotea. Kwenye hifadhidata zote ni VARCHAR (maandishi), huko ziko salama.

Nikahamia to_excel kwa openpyxl (maktaba ya kuandika faili za Excel). Wanachama wametoka vizuri, namba zimebaki maandishi. Kikwazo ni miamala: imevuka mistari 1,048,576, ukomo wa karatasi moja ya Excel, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 inaganda. Nimeweka chunksize (kusoma kwa mafungu) kwenye read_sql, bado RAM inajaa.

Nawezaje kusoma miamala kidogo kidogo na kuiandika kwenye karatasi kadhaa za faili moja bila kujaza RAM? Na kama CSV ndiyo njia bora, mhasibu aifungueje ili namba zibaki maandishi?

Natumia Windows 10. Natanguliza shukrani.